Ukiwekwa kiti moto kijiweni kwa sababu ya pikipiki ya umeme

Ukiwa na pikipiki ya umeme hapa Tanga, jiandae: kila ukiiegesha Ngamiani, baraza limeshakaa. Maswali ya chaji ni mepesi, yajibu kwa uniti za LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla. Betri ya uniti 3 ikiwa tupu kabisa hula uniti 3 na kidogo juu, maana chaja nayo hupoteza kiasi kwa joto. Mtu apige hesabu mwenyewe.

Kazi ipo kwenye siasa. Atatokea mzee na kikombe chake cha kahawa: “Bomba la mafuta hilo Chongoleani, wewe mwanangu wakimbilia umeme?” Usiguse chama chake wala serikali. Mjibu kwa adabu: “Kweli mzee wangu, ila lile ni la mafuta ghafi kutoka Hoima, kilomita 1,443, yapakiwe melini yauzwe nje. Petroli yetu bado twaagiza.” Halafu nyamaza, mwagizie kikombe cha pili. Wengi huishia kuuliza pikipiki inauzwaje.

Wa “umeme ukikatika je?” mwambie unachaji usiku, na ukikatika hadi asubuhi unapanda daladala kama watu wengine. (Pampu za sheli nazo zinaendeshwa kwa umeme, lakini hoja hiyo mtunzie mbishi sugu.)

Anayekucheka kwamba umenunua kichezeo cha watoto, mpe ufunguo azunguke mpaka kona na kurudi. Awe na leseni tu.