Wikendi ya Lisbon na mama: anza na magoti yake

Mamangu ni mtu wa Mombasa, ana miaka 67, na magoti yanamsumbua. Mimi naishi Ujerumani. Akija kunitembelea huwa tunachomoka siku mbili, na Lisbon, mji mkuu wa Ureno, tumekwenda mara mbili. Mara ya kwanza nilimpangia sehemu tisa kwa siku moja. Saa nane mchana alikaa kwenye ngazi za Alfama, mtaa wa zamani wa mlimani, akaniambia, "Mwanangu, nenda wewe, mimi nitakungoja hapa." Niliumia sana. Mara ya pili tulikwenda hivi.

Hatua ya 1: Karatasi. Visa ya Schengen aliyojia kwako inamfikisha Ureno, hata kama ni ya kuingia mara moja, maana nchi 29 zinatumia visa hiyo. Angalia tu siku zake hazijaisha. Pasipoti yenyewe aibebe, si kopi.

Hatua ya 2: Laleni Baixa, mtaa wa katikati ya mji. Lisbon ni mji wa vilima. Tetemeko la ardhi la Novemba 1, 1755 liliibomoa Baixa, ikajengwa upya kwa mitaa iliyonyooka, nayo iko bondeni, tambarare. Ukiona chumba cha bei nafuu Alfama, uliza kwanza kama kuna lifti, kwani nyumba nyingi za zamani hazina. Mvalishe viatu vya soli ya mpira. Njia za miguu zimetandazwa vijiwe vyeupe vinavyoteleza kama sabuni mvua ikinyesha.

Hatua ya 3: Jumamosi asubuhi, Belém, mtaa wa kando ya mto. Pandeni tramu namba 15 pale Praça da Figueira inapoanzia, ili Mama apate kiti. Shukeni kwenye monasteri ya Jerónimos, iliyoanza kujengwa mwaka 1501. Jumatatu hufungwa.

Ndani ya kanisa lake, mkono wa kushoto ukiingia, kuna kaburi la Vasco da Gama. Hapa usimharakishe mzazi. Mama amezaliwa Mji wa Kale, Fort Jesus ameiona tangu utotoni, na habari za Vasco kupita Mombasa na Malindi mwaka 1498 alizisoma shuleni. Alilitazama lile jiwe, sanamu imelala chali na mikono imeunganishwa kama anayeomba. "Kumbe yuko hapa," akasema. Kisha akanyamaza, na baadaye kidogo: "Na mji wetu wakauchoma." Ni kweli, Wareno waliuchoma mwaka 1505, chini ya kamanda wao Francisco de Almeida. Tulikaa kwenye benchi karibu nusu saa. Nilimwambia kwamba kanisa kwa Kireno ni *igreja*, na wataalamu wa lugha wanasema ndipo tulipopata neno gereza. Alitikisa kichwa tu.

Hatua ya 4: Chai. Karibu na hapo kuna duka la vitobosha vya maziwa na mayai, Pastéis de Belém, linalouza tangu 1837. Foleni ndefu ya nje ni ya wanaobeba. Ingieni ndani, vyumba vya kukaa ni vingi. Nyunyizeni mdalasini juu, vikiwa moto.

Hatua ya 5: Jumapili, mlimani bila ngazi. Mtaa wa Rua dos Fanqueiros kuna lifti ya bure inayokupandisha kuelekea ngome ya São Jorge, na mbele kidogo, Chão do Loureiro, kuna nyingine, bure pia. Kutoka hapo hadi Portas do Sol, mahali pa kutazamia mji, ni mwendo mfupi, mto Tejo wote uko chini yenu. Kosa la wengi ni kushuka kwa miguu wakidhani ni rahisi. Magoti mabovu huuma zaidi kwenye kushuka. Chukueni tuktuk, ziko tele, patana bei kabla ya kukaa. Tramu 28 ni nzuri pia, ila hujaa na wezi wa mifukoni wanaipenda. Mkoba uwe kifuani.

Hatua ya 6: Chakula. Dagaa wakubwa wa kuchoma, *sardinhas*, hawana shida. Supu ya *caldo verde* ni ya mboga kama sukuma iliyokatwa nyembamba, lakini hutiwa soseji ya nguruwe. Kama hamli, sema *sem chouriço*. Mkate na zeituni mnazowekewa mezani bila kuagiza mtalipia mkizigusa. Kwa wanaoswali, Msikiti Mkuu uko karibu na Praça de Espanha.

Hatua ya 7: Bakizeni saa moja bila mpango. Yetu tuliitumia Baixa, kabla ya uwanja wa ndege. Dukani Mama aliona vitambaa vimetundikwa, na kibao kimeandikwa *lenços*. Akasoma kwa sauti: "Leso!" Muuzaji, mama wa makamo, akaitikia, "Lenço, sim," akamtelemshia moja. Wakaendelea hivyo wawili, huyu anagusa meza, yule anasema *mesa*, huyu anaonyesha bendera mlangoni, yule *bandeira*. Tulinunua leso moja ya buluu. Muuzaji aliifunga vizuri kwenye karatasi, na hatujafika kona Mama ameshaifungua na kujitanda.