Kikwapa: Tafuta Kinatoka Wapi Kabla ya Kununua Dawa

Mchana wa Februari kwenye feri ya Likoni, Mombasa, watu wawili wametota jasho sawasawa; mmoja ananuka kikwapa, mwenzake hanuki. Usiseme upesi kwamba hakuoga. Jasho linalopoza mwili ni maji na chumvi tu. Tezi za kwapani na kinenani, zinazoanza kazi mtu akibalehe, hutoa jasho lenye mafuta na protini. Bakteria wa ngozini wakivila hivyo, harufu hutoka, na kila mtu ana bakteria wake. Kuna na urithi: Wakorea na Wajapani wengi wana aina ya jeni (chembe ya urithi) iitwayo ABCC11 inayowaondolea kikwapa, tena nta ya masikio yao ni kavu. Huku kwetu wengi nta yao ina unyevu.

Jipime kwanza. Oga usiku, kausha kwapa vizuri, lala na fulana safi ya pamba, asubuhi uinuse: ikinuka, tatizo limo kwenye ngozi. Kisha chukua shati lililofuliwa likakauka, upitishe pasi ya moto kwapani. Harufu ikifuka hapo, tatizo limo kwenye nguo, na hata uoge mara tatu kwa siku halitaondoka.

Poliesta, ambayo ndiyo kitambaa cha mabuibui mengi, hushika mafuta ya jasho kuliko pamba. Geuza nguo ndani nje, loweka nusu saa katika lita 4 za maji na nusu kikombe cha siki nyeupe, fua kwa sabuni, anika penye upepo. Siki isikutane kamwe na dawa ya klorini ya kung'arisha nguo. Gesi yake huumiza mapafu. Ukifua kwa maji ya kisima, yenye chumvi na chokaa ya matumbawe, sabuni haitoi povu na huacha utando kwenye nguo na ngozi. Suuza mara ya mwisho kwa maji matamu. Na udi ufukize nguo safi. Kwenye nguo ya jasho harufu mbili huchanganyika, ikawa vibaya zaidi.

Ikiwa ni ngozi, punguza nywele za kwapa. Duka la dawa lina sabuni ya benzoili peroksidi: paka, subiri dakika 2, suuza sana, kwa kuwa hubabua rangi ya taulo na nguo. Dawa ya kuzuia jasho, yenye aluminiamu, wengi huipaka asubuhi kwapa likiwa bado bichi, nayo huoshwa na jasho. Ipake usiku, kwapa likiwa kavu kabisa. Ukioga asubuhi itaendelea kufanya kazi. Shabu (jiwe la alum) ni rahisi na inasaidia: ilowanishe, sugua, acha ikauke, ila si mara baada ya kunyoa. Ndimu iache jikoni. Huchoma ngozi, na ikipigwa na jua huacha mabaka meusi.

Kitunguu thomu hutoka kwenye jasho na pumzi. Uwatu huleta harufu ya sukari iliyoungua. Viache siku chache uone.

Harufu ikibadilika ghafla, nenda ukapimwe. Pumzi ikinuka kama matunda yaliyoiva mno, pamoja na kiu kali na kukojoa sana, huenda ni kisukari: nenda hospitali siku hiyohiyo. Na harufu ya samaki isiyokwisha kwa kuoga yaweza kuwa hali ya kurithi. Mweleze daktari hivyo hivyo, bila haya.