Kabla Hujakabidhiwa Jiko la Nyumba ya Kigujarati

Uliza kwanza wenye nyumba ni watu gani. Wahindi wa Upanga, Dar, na wa Parklands, Nairobi, hawali chungu kimoja. Khoja na Bohora ni Waislamu, nyama ya halali inapikwa kila siku. Kalasinga ana mapishi yake ya Kipunjabi. Mgoa ni Mkristo na anaweza kukuagiza nguruwe. Hapa nazungumzia Wagujarati Wahindu wasiokula nyama, pamoja na Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya Kihindi, kwa sababu huko ndiko wapishi wapya wanakoumbuka. Chakula kinaonekana chepesi, dali na chapati tu, kumbe masharti yake ni mazito kuliko pilau.

Nyama, samaki na mayai haviingii jikoni, na hiyo ni pamoja na chakula chako mwenyewe cha mchana. Usipashe dagaa kwenye maikrowevu yao. Soma pakiti za keki, biskuti na jeli kabla ya kununua. Viatu vua nje.

Vitunguu na saumu ulizia, usikisie. Wafuasi wa Swaminarayan, dhehebu la Kihindu, wengi hawavigusi. Mjaini anayeshika sana hali kitu kilichochimbwa ardhini: viazi, karoti, kitunguu, saumu, hata tangawizi mbichi, ingawa tangawizi kavu ya unga na manjano makavu kwa kawaida vinaruhusiwa. Wengi wao pia hula kabla jua halijazama, kwa hiyo chakula cha jioni kiwe mezani saa kumi na mbili kasoro. Ukizoea kuanza kupika saa hiyo, utalala na sufuria zimejaa.

Sasa linalowashinda wengi: utapika bila kuonja. Katika nyumba nyingi sehemu ya kwanza ya chakula huwekwa mbele ya Mungu kwenye kisahani chake, na kabla ya hapo hakuna anayeonja. Hata baada ya hapo, mwiko uliogusa mdomo haurudi chunguni. Chakula kilichoguswa hivyo huitwa jutha na hakuna wa kukila. Ukiruhusiwa kuonja, dondoshea tone kwenye kiganja, mwiko usikaribie midomo.

Kwa hiyo vipimo vichukue mapema, bibi mwenye jiko angali amesimama hapo. Ukimuuliza chumvi kiasi gani atakujibu "kiasi tu", na hakufichi, mkono wake ndio unaojua. Mwombe amimine kwanza kwenye kibakuli, upime, ndipo atie chunguni. Pima na kile kikombe chake cha bati cha kuchotea mchele, maana vingine vinachukua mililita 150 na vingine 250, na hapo ndipo dali inapokuwa uji siku moja na maji siku ya pili. Pa kuanzia: dali ya kikombe kimoja cha mbaazi kavu, chumvi kijiko cha chai kimoja na robo, mboga nusu kilo, kijiko kimoja kisichojaa. Halafu rekebisha kwa mkono wa nyumba.

Dali yenyewe ni ya mbaazi zilizokobolewa, madukani huitwa tuvar. Watu wanne, gramu 200. Zioshe kwa maji ya uvuguvugu mpaka yatoke safi, kwa sababu nyingine huuzwa zimepakwa mafuta ya nyonyo zisibunguliwe. Loweka nusu saa. Tia kwenye presha kuka na vikombe vitatu vya maji, manjano nusu kijiko cha chai na tone la mafuta la kupunguza povu. Usipite nusu ya sufuria. Povu la dali likipanda linaziba tundu la mvuke, kwa hiyo kabla ya kufunika inua mfuniko kwenye mwanga uchungulie tundu; ukiona upande wa pili, endelea. Filimbi tatu au nne kwa moto wa wastani, zima, acha presha ishuke yenyewe. Mvuke ukitoka pembeni na filimbi hailii, mpira umechoka, badilisha. Mvuke usipotoka popote na sufuria iko motoni muda mrefu, zima gesi na kaa mbali. Mfuniko ukigoma kufunguka, presha bado imo ndani. Usiulazimishe kwa lolote.

Ukishafungua, pekecha mpaka ilainike, ongeza maji, ndipo utie ndimu au kokum, tunda chachu lililokaushwa, sukari guru na karanga chache. Dali ya Kigujarati ni tamu na chachu kwa pamoja. Ukitia uchachu kabla mbaazi hazijaiva, zitabaki ngumu hata ukipika mpaka usiku.

Kiungo cha mwisho ni vaghar, yaani bizari zilizokaangwa kwenye mafuta. Mpangilio wake haubadiliki. Mafuta yapate moto, haradali iingie peke yake mpaka ianze kurukaruka, kisha jira na punje chache za uwatu, pilipili kavu, chembe ya mvuje, majani ya kari, na hapohapo mimina kwenye dali ufunike. Uwatu ukiwa mweusi umeshakuwa mchungu. Mwaga, anza upya, mafuta vijiko viwili si hasara. Pilipili ya unga huungua kwa sekunde chache, itie moto ukiwa umezimwa. Bizari kavu nyingi hukaa kwenye kopo moja la duara lenye vikombe saba ndani. Kijiko chake kiwe kikavu daima.

Chapati zao, rotli, sahau zile za kukunja na kupaka mafuta. Unga wa atta nusu kilo, mafuta kijiko kimoja cha mezani, maji kama mililita 300 kidogokidogo, ukande mpaka uwe laini kuliko ulivyozoea, ufunike nusu saa. Vidonge vya gramu 30 vinatoka zaidi ya 25. Sukuma nyembamba, kingo na katikati sawa. Upande wa kwanza kwenye tawa ni mpaka viputo vidogo vionekane, upande wa pili ukae zaidi, kisha moja kwa moja juu ya moto ijae upepo. Isipojaa, donge lilikuwa kavu, au umesukuma katikati nyembamba, au ina tobo. Paka samli, weka kwenye chombo chenye kitambaa, la sivyo mvuke unailowesha. Jua pia kwamba nyumba nyingi hula rotli moja moja ikitoka motoni, hivyo wao wakikaa mezani wewe umesimama jikoni. Kula kitu kabla.

Kinachotoa watu jasho kuliko vyote ni kalenda ya ukutani. Ekadashi ni siku ya 11 ya kila nusu ya mwezi mwandamo, maana yake mara mbili kila mwezi, na bado kuna mwezi wa Shravan na siku tisa za Navratri, nazo za mfungo. Anayefunga Ekadashi hali nafaka wala kunde: hakuna wali, ngano, mbaazi, choroko, dengu. Anakula viazi, karanga, maziwa, matunda, unga wa mbegu za mchicha, na sabudana, zile punje nyeupe za wanga wa muhogo. Chumvi ni ya mawe, sendha.

Mpishi mpya huwa anajiandaa vizuri. Sabudana kaziosha na kuzilowesha kwa maji yanayozifikia juu tu, saa nne au tano, mpaka punje inapondeka kati ya vidole. Viazi kakata vidogo, karanga kachoma na kutwanga, chumvi ya mawe katafuta. Kila kitu sawa. Mafuta yanapata moto, jira inaingia, na mkono kwa mazoea unachota mvuje. Harufu inafika sebuleni kabla ya sahani, na bibi hali. Anakunywa maziwa na ndizi, mpishi anabaki kujiuliza kosa liko wapi, ngano hajaigusa.

Ameigusa. Mvuje halisi ni utomvu mkali mno, kwa hiyo unaouzwa kwenye vikopo huchanganywa na gundi na unga, mara nyingi wa ngano. Soma ubavuni mwa kopo. Chembe hiyo moja imeingiza nafaka kwenye chakula cha mfungo, na hakuna namna ya kuitoa. Mtego wa pili uko kwenye karai: mafuta yaliyokaangia bajia yana unga wa dengu, hayakaangii viazi vya mfungo. Nyumba nyingi pia haziweki manjano wala haradali siku hiyo. Tenga kopo dogo la jira, pilipili manga na chumvi ya sendha, na chupa yake ya mafuta, lile la vikombe saba lisifunguliwe kwa chakula cha mfungo. Mwezi ukianza, keti na bibi mzungushie tarehe kwa kalamu, na uandike nani anafunga, maana bibi anaweza kufunga na wajukuu wanataka wali. Kwa Wajaini usitumie orodha hii kabisa; viazi hawali, na mfungo wao mwingine ni maji yaliyochemshwa tu, tena mchana pekee.

Mengine ni ya kuangalia tu. Achari ya embe hutengenezwa mara moja kwa mwaka. Kijiko chenye unyevu kikiingia, ukungu unamaliza chupa nzima. Mtindi: lita moja ya maziwa yaliyochemka, yapoe mpaka kidole kivumilie, kijiko kimoja cha mtindi wa jana, saa sita hadi nane kwa joto la Dar, Nairobi mwezi wa saba funga na blanketi. Kadhi, ule mchuzi wa mtindi na unga wa dengu, koroga bila kuacha mpaka ichemke, la sivyo inakatika. Maziwa jikoni usiyape mgongo. Usibadilishe aina ya unga bila kusema. Siku ya wageni pika unachokijua. Gesi funga kwenye mtungi, si kwenye jiko tu, na ujue mtungi wa akiba uko wapi kabla huu haujaisha rotli zikiwa nusu.