Jinsi ya kuupeleka utafiti wa sera mwaloni

Taasisi nyingi za utafiti wa sera, REPOA ikiwemo, zina makao Dar es Salaam. Wanaoguswa na sera za uvuvi wako huku kwenye mialo ya Ziwa Victoria, mitumbwi inakoshushia samaki: Kirumba, Igombe, Ukerewe. Taasisi haitungi sheria. Inaleta ushahidi ili wananchi na viongozi wabishane juu ya jambo linalojulikana. Ukiombwa kuandaa mdahalo wa ripoti yao Mwanza, fanya hivi.

1. Chagua swali moja. Mfano: kanuni inayokataza kuvua sangara wa chini ya sentimita 50 inamlinda nani, na inamuumiza nani? Njoo na fimbo yenye alama ya sentimita 50, ipitishwe mkono kwa mkono.

2. Panga tarehe kwa kuangalia mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi mingi hupumzika. Hapo utawapata wavuvi, na pia akina mama wanaoanika dagaa.

3. Tenganisha matokeo na mapendekezo. Hapa ndipo midahalo mingi huharibika, kwa hiyo usiharakishe. Bandika karatasi mbili kubwa: "Tulichokikuta" na "Tunachoshauri". Funika ya pili. Mtafiti aeleze kwanza nani aliulizwa, wapi, msimu gani, na nani alilipia kazi hiyo. Kisha watu waihoji ile ya kwanza mpaka waridhike. Mvuvi akisema, "Mlikuja dagaa wakiwa hawapatikani, ndiyo maana mapato yameonekana madogo," hiyo ni hoja ya kitaalamu kabisa, na mtafiti mwenyewe aijibu, siyo wewe. Ndipo ufunue ya pili.

4. Tajiri asianze kusema. Mtumbwi, nyavu na injini ni vyake; akishatoa msimamo, vijana anaowaajiri watanyamaza. Anza na wao na akina mama, na anayetaka kusema Kisukuma au Kikerewe aseme, mkalimani awepo.

5. Andika pingamizi kama zilivyosemwa, bila kuzilainisha. Nakala ziende kwa mtafiti, afisa uvuvi na diwani, kwa sababu uamuzi uko kwa wenye mamlaka na wanapaswa kujua ripoti imepingwa wapi. Nakala nyingine ibandikwe ofisi ya BMU (kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi mwaloni), pamoja na tarehe ambayo mtafiti atarudi na majibu.