Kuamrisha kwa Kihispania kwa Anayejua Kiswahili

Anayejifunza Kihispania hapa Dodoma ana mtaji ambao mara nyingi hautumii, nao ni sarufi ya Kiswahili chenyewe. Chukua kitenzi comprar, yaani kununua. Ukimwagiza mdogo wako anayekwenda Soko la Majengo, utasema compra uvas, nunua zabibu. Lakini ukimwagiza mtu unayemheshimu, irabu a ya mwisho hugeuka e, ukasema compre uvas, kama nasi tunavyoacha "nunua" tukasema "ununue". Vitenzi vinavyoishia -er na -ir, kama comer na escribir, huenda kinyume, e ikawa a: come (kula) huwa coma, na escribe (andika) huwa escriba.

Katazo ndipo wengi huteleza. Usiseme no compra, kwa maana hiyo ni "hanunui". Sema no compres, ukikumbuka kwamba hata "nunua" yetu hugeuka "usinunue". Mtendewa, ambaye Kiswahili humweka mbele ya mzizi katika "ninunulie", Kihispania humbandika mwishoni: cómprame, pamoja na alama ya mkazo ili sauti isihame. Katika katazo hurudi mbele: no me compres.

Maumbo manane ya umoja ni ya kukariri: di (sema), haz (fanya), ve (nenda), pon (weka), sal (toka), sé (uwe), ten (shika) na ven (njoo). Yatamke ukiwa kazini: pon agua en la olla unapotia maji ya ugali sufuriani, kisha ven a comer unapomwita mwenzako kula. Unaowaita wakiwa wengi, Amerika ya Kusini husema vengan, na Hispania venid.