Somo: Kubadili taiming belti na wota pampu ya 3S mwenyewe nyumbani

Wakuu habari. Hili somo ni la wenye injini ya 3S-FE, RAV4 za zamani zile SXA10 na SXA11, Ipsum SXM10, Caldina na ndugu zao, na mi nitaelekeza kwa RAV4 kwa sababu ndo naijua nikiwa nimefumba macho. Mwenye Noah SR40 injini ni hiyohiyo ila imekaa chini ya viti, namna ya kuifikia ni nyingine kabisa, usinifuate hatua kwa hatua. Mwenye IST, Vitz au Probox ya 1NZ wewe una cheni, kalale.

Kwanza kwa nini vyote viwili kwa mpigo. Kwenye 3S hiyo belti ya taiming (ile ya ndani inayounganisha kranki na kamshafti) ndo inazungusha pampu ya maji, sasa pampu ikianza kuvuja maji yanamwagikia belti, na beringi yake ikikwama inakula belti mpya uliyofunga juzi. Fundi atakwambia "pampu bado nzima mzee tuiache", sawa, ila ikifa unarudia kufungua kila kitu upya, na hela ya ufundi unalipa tena. Belti inahesabiwa kilomita 100,000. Angalia chini ya boneti, gari za Japani mara nyingi zina kastika ka Kijapani kenye kilomita ilizobadilishiwa belti. Hakuna stika na dashibodi imepita laki? Hesabu haijabadilishwa.

Habari njema ni kwamba 3S-FE belti ikikatika gari inazima tu, valvu hazigongani na pistoni. Hii msiipeleke kwa 3S-GE wala dizeli ya 1KZ, huko ni kilio.

Nunua belti, pampu na gasketi yake, zile puli mbili za aidla (zinazoelekeza belti, moja yao ndo tenshena inayoikaza), spring ya tenshena, sili tatu (kranki, kamshafti na oili pampu) na o-ring ya bomba la maji la nyuma ya pampu. Kariakoo, au Kirinyaga Road kwa walio Nairobi, vyote vipo, ila pampu ya bei ya kutupa kaa nayo mbali, mi nachukua Aisin.

Sasa kazi. Bolti ya kranki puli ndo inayowashinda watu wengi, soketi ya 19 na imekaza vibaya. Ujanja wangu, kabla hujaanza pitia kwa jamaa wa matairi mwenye mashine ya upepo ailegeze kisha airudishe kukaza kawaida, unaendesha taratibu hadi nyumbani na hapo utaifungua kwa mkono. Msitumie ule mtindo wa kuegemeza spana chini halafu unapiga stata, spana ikiruka haichagui pa kutua.

Injini iwe baridi. Chomoa negativu ya betri, toa tairi ya mbele upande wa dereva, weka stendi, usiamini jeki peke yake. Mwaga maji ya rejeta, toa belti za nje na alternata, halafu jeki yenye kipande cha mbao chini ya sampu (bakuli la oili) ibebe injini ndo ufungue mauntingi ya upande huo. Toa kava la juu.

Hapa tulia. Zungusha kranki kwa mwendo wa saa TU mpaka mfereji wa puli ukae kwenye 0 ya kava la chini, kisha chungulia tundu dogo la puli ya kamshafti, lazima lilingane na alama ya kwenye kepu ya beringi iliyo nyuma yake. Kama halionekani zungusha mzunguko mmoja zaidi. Piga picha na simu. Legeza bolti ya tenshena, isukume mpaka mwisho, ikaze hivyohivyo, vua belti kwenye puli ya kamshafti, ndo utoe kranki puli, kava la chini na ile sahani ya kuongoza belti.

Pampu: toa aidla, chomoa hozipaipu ya chini, fungua nati mbili za bomba la nyuma halafu bolti za pampu. Kwangua gasketi ya zamani mpaka chuma king'ae bila kuchimba alumini. O-ring ilowanishe maji ya sabuni. Bolti ndogo hizi ni Nm 9 tu (Nm ni kipimo cha kukaza, kinasomwa kwenye toki renchi), ukitumia nguvu za mlango wa geti unakata.

Badili sili, kisha vika belti chini, rudisha sahani, kava la chini na kranki puli (Nm 108), hakikisha 0, ndo umalizie kuivika kwenye kamshafti. Legeza tenshena nusu mzunguko, spring ivute yenyewe. Zungusha kranki raundi mbili, alama zikirudi palepale uko salama, zisiporudi vua upya. Kisha zungusha tena raundi moja na saba ya nane mpaka ile alama ya digrii 45 kwenye kava, hapo kaza tenshena Nm 42. Mafundi wengi hatua hii wanairuka.

Rudisha vilivyobaki, jaza koolanti, hita iwe moto, washa bila mfuniko wa rejeta mpaka mapovu yaishe.

MASWALI

*Mdau, Mwanza:* Mkuu nimefunga gari inawaka ila haina nguvu, nizungushe distributa?
– Usiiguse. Distributa inaendeshwa na kamshafti, kama hukuifungua basi belti imeruka jino. Rudi kwenye alama kwanza, ndo baadaye uunge TE1 na E1 (matundu mawili ya soketi ya daignosi) upime taiming ya moto, iwe digrii 10.

*Mdau, Mombasa:* Boss huku kwetu hakuna baridi, si niweke tu maji ya mfereji?
– Koolanti si ya baridi peke yake kaka, inazuia kutu na inachelewesha kuchemka. Maji ya chumvi ya huko yatakula pampu mapema sana.

*Mdau, Dodoma:* Corolla 110 ya 5A je?
– Pampu yake inazungushwa na belti ya nje. Ila kuifikia bado utatoa makava ya taiming, kwahiyo kama belti imekaribia fanya vyote.

*Mdau, Morogoro:* Nimebadili, sasa kuna mlio kama wa filimbi mbele ya injini.
– Umeibana tenshena kwa bisibisi, sivyo? Belti imekaza kupita kiasi. Ilegeze, acha spring ifanye kazi yake, urudie ile ya digrii 45.