Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kusafiri kwa Karavani Katika Baridi Inayogandisha Maji

Anayekusudia kusafiri kwa karavani, yaani gari lenye jiko, choo na vitanda ndani yake, kupitia maeneo ambako joto hushuka chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, anapaswa kukata shauri mapema: je, mabomba yatakuwa na maji safarini au yatakuwa makavu? Hasara nyingi huwapata wale wasioamua, wanaoondoka na maji kwenye mabomba wakitumaini kwamba baridi haitakuwa kali. Gari likiwa mwendoni, mfumo wa joto mara nyingi huwa umezimwa, na upepo unaopita chini ya sakafu, ingawa hauwezi kuyafanya maji yawe baridi kuliko hewa yenyewe, huondoa upesi joto lililosalia. Kwa safari ya siku nzima katika baridi ya namna hiyo, mimi huchagua mabomba makavu, na maji ya kunywa na ya kupikia hubebwa kwenye madumu ndani ya gari.

Inafaa kuelewa jinsi uharibifu unavyotokea. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, lakini aghalabu bomba halipasuki pale penye barafu. Barafu ikishaziba njia huendelea kukua na kuyasukuma maji yaliyo mbele yake kuelekea koki iliyofungwa, na maji hayo, yakikosa pa kwenda, ndiyo yanayopasua bomba au kung'oa kiungio. Kwa sababu hiyo, ukilala na maji kwenye mabomba, zima pampu, kisha fungua koki kwa muda mfupi ili msukumo utoke.

Kukausha mfumo kunahitaji utulivu, na ni vyema kukufanyia mazoezi nyumbani kungali mchana. Hita ya maji izimwe kwanza na iachwe ipoe kabisa, msukumo utolewe kwa kufungua koki ya maji ya moto, ndipo kizibo chake kifunguliwe. Kuanzia hapo isiwashwe tena mpaka ijae maji, kwa kuwa kipasha joto cha umeme kikiwashwa katika tangi tupu huungua. Baada ya hapo hufunguliwa vali za chini kabisa za mabomba ya moto na ya baridi, pamoja na koki zote, zikiwemo za choo na za bafu la nje, ambalo husahaulika kuliko kitu kingine chochote. Ukitumia kompresa kupuliza maji yaliyobaki, msukumo wa upepo usizidi baa 3. Maji yanayobaki kwenye kona za mabomba chini ya sinki hayatoki kwa njia hizi. Humo humiminwa kizuia-kuganda chenye propilini glikoli. Kile cha injini chenye ethilini glikoli ni sumu, na hakipaswi kabisa kuingia katika mfumo wa maji ya matumizi. Ukikipitisha kizuia-kuganda katika mabomba yote, geuza kwanza vali zinazoipita hita ya maji, kwa sababu tangi lake pekee laweza kumeza lita 20 na zaidi bila faida yoyote.

Anayeamua kubaki na maji anapaswa kujua joto linafika wapi. Katika magari mengi, mfumo wa joto wa gari hupeleka sehemu ya hewa yake moto chini ya sakafu, yaliko matangi. Mtu akiweka hita ndogo ya umeme chumbani ili kuokoa gesi, kidhibiti joto huona chumba kina joto la kutosha, mfumo mkuu hauwaki, na matangi huganda huku watu wakilala raha mustarehe. Weka kipimajoto chenye waya mahali palipo na pampu, usome kipimo chake kabla ya kulala, na uache milango ya kabati zenye mabomba wazi.

Mpira wa maji wa nje usiachwe umeunganishwa usiku, isipokuwa ule wenye waya wa kupasha joto. Ni salama zaidi kujaza tangi mchana, kuukung'uta mpira na kuuweka ndani. Vali ya majitaka nayo ifungwe muda wote: maji yanayochuruzika kidogo kidogo huganda tabaka juu ya tabaka mpaka mpira wa majitaka uzibe wote.

Gesi nayo ikaguliwe. Butani huacha kugeuka mvuke karibu na nyuzi 0, ilhali propani huendelea hadi kama nyuzi 42 chini ya sifuri. Mtungi uwe wa propani. Feni ya mfumo wa joto hutegemea betri, na betri ya asidi na risasi hupungukiwa nguvu kwenye baridi. Ile ya lithiamu haifai kuchajiwa ikiwa yenyewe iko chini ya nyuzi 0, ila kama ina kipasha joto chake.

Maji yakiganda licha ya tahadhari zote, yayeyushe kwa hewa vuguvugu ya kikausha nywele, ukianzia upande wa koki iliyo wazi. Usitumie moto kamwe. Ufa hauvuji wakati wa kuganda, huvuja barafu inapoyeyuka. Kabla ya kuwasha pampu, chunguza chujio lililo mbele yake, kile kikombe kidogo cha plastiki angavu, ambako ufa mwembamba kama unywele hutosha kuifanya pampu ivute hewa badala ya maji. Kisha funga koki zote, washa pampu, uketi kimya. Ikinguruma tena baada ya dakika chache ilhali hakuna aliyefungua koki, kuna mahali maji yanatoka. Izime, chukua tochi, ufuate bomba kiungio kwa kiungio.